Mtoto wa wiki tano analia kila jioni mpaka usiku, ni chango au ni nini? Msaada jamani (Mtwara)

MamaMpya_Chikongola

Habarini za saa hizi wapendwa. Naombeni msaada hasa wamama mliokwisha kulea na wahudumu wa afya kama mpo humu. Nina mtoto wa kiume, ndo wa kwanza, ana wiki tano, tupo Mtwara mjini huku Chikongola. Mchana yuko vizuri tu, ananyonya, analala, akiamka anaangaza angaza macho. Ikishaingia magharibi ndo kasheshe inaanza, analia huyo mpaka anakuwa mwekundu, miguu anaikunja anaileta tumboni, ngumi kazikaza, tumbo linakuwa gumu, anajamba jamba, ukimpa ziwa analishika kidogo analiachia anaanza upya. Hapo ni mpaka saa nne au saa tano usiku ndo ananyamaza analala fofofo.

Homa hana. Hatapiki, ila anacheua maziwa kidogo akishanyonya. Choo anapata cha njano laini, ila juzi hapa ilipita siku nzima na ya pili yake hajapata choo nikaingiwa na hofu. Kliniki mara ya mwisho walisema uzito unapanda vizuri.

Sasa shida nyingine ipo hapa nyumbani. Mama mkwe kaja kutoka Tandahimba kunilea arobaini, anasema hili ni chango na ameshaagiza mizizi ichemshwe mtoto apewe kijiko asubuhi na jioni. Jirani anasema niende duka la dawa nikanunue maji ya graipu. Wifi yangu nae anasema tumembemenda mtoto, wakati hata arobaini sijatoka na mume wangu analala chumba cha pili, kwa kweli lile neno limeniuma sana. Halafu nimekatazwa mbaazi, kunde, ming'oko, pweza, maembe, yaani nimebaki na uji na wali mkavu na naona hata maziwa yanapungua. Ikifika saa kumi na moja jioni tu moyo unaanza kunienda mbio nikiwaza tunaanza tena.

Naomba kujua, hili ni chango kweli? Dawa yake nini? Na nitajuaje kama limefika la kukimbilia hospitali?

BiMkubwa_Mikindani

Mwanangu pole, na hongera kwa kujifungua salama. Hilo usiogope, ni chango la watoto, sisi wote tumelea wenye chango. Zamani mtoto akilia hivyo anachemshiwa dawa anapewa kidogo kidogo, na maji ya vuguvugu asikaukwe na koo, na joto hili la mwezi wa kumi na moja lilivyo kali. Mkweo anajua anachosema, ametangulia kuliona jua.

Halafu mchue tumbo na mafuta ya nazi, weka mkono wako uwe na joto kwanza, zungusha taratibu kuanzia kulia kwake kwenda kushoto. Akishanyonya usimlaze chali hapo hapo, mweke begani mpaka abeue. Jioni kabla hajaanza kulia mfunge na mbeleko kifuani kwako utembee nae uani. Mtoto akisikia moyo wa mama yake anatulia. Na wewe kula mwanangu, mzazi hakai na njaa.

NesiWaKusini

Dada pole na hongera. Mimi ni nesi, nipo kliniki ya mama na mtoto huku upande wa Lindi, na haya uliyoyaeleza wamama wananiletea mara kwa mara mno. Nitaandika kirefu naomba univumilie, maana swali lako lina mambo mengi ndani.

Mtoto wa wiki tano, mchana mzima kabisa, jioni kilio, ananyonya, uzito unapanda, homa hana, hiyo kitaalamu tunaiita koliki. Kwa kawaida inaanza wiki ya pili au ya tatu, inapanda, inafika kileleni kama wiki ya sita hivi, halafu inaanza kushuka yenyewe, na mtoto akifika miezi mitatu minne wengi wao inakuwa imekwisha. Nakwambia hili mapema ili wiki ijayo akizidisha kidogo usije ukadhani ameharibika, ndo kilele chenyewe hicho. Mwaka 1954 daktari mmoja Marekani anaitwa Wessel na wenzake walikiweka kile kipimo cha tatu tatu ambacho mpaka leo kinatajwa: mtoto mzima wa afya anayelia zaidi ya masaa matatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Siku hizi hatusubiri wiki tatu ziishe ndo tumsikilize mama. Na wapo wengi, karibu mtoto mmoja kati ya watano anapitia hii hali, awe wa kike wa kiume, wa ziwa au wa kopo, hawapishani sana.

Kinacholeta ni nini? Mpaka leo hakijapatikana kitu kimoja cha kukinyooshea kidole. Wengine wanasema utumbo bado mchanga, wengine wanasema ubongo wake bado unajifunza kutulia na jioni unakuwa umechoka na mwanga, kelele na kupokezanwa mikono siku nzima. Ila gesi unayoiona mara nyingi inakuja baada ya kilio, sio kabla. Mtoto akilia anameza hewa, hewa inajaa tumbo linakaza, kisha anaijamba. Kukunja miguu na kuwa mwekundu pia, mtoto yeyote mdogo akilia kwa nguvu atafanya hivyo hata kama tumbo haliumi.

Kuna kitu nakipenda kuwasimulia wamama. Watafiti waliwafuatilia watoto wa Wasani kule jangwa la Kalahari, matokeo yakatoka 1991. Watoto wale wanabebwa mchana kutwa, wananyonya kila baada ya dakika chache, wakilia kidogo tu mtu kashawachukua. Lakini bado kilele cha kulia kilikuwepo katika miezi ile ile ya mwanzo. Tofauti ilikuwa kwamba wanalia mara nyingi kama wa wenzetu wa Ulaya ila kila kilio ni kifupi, muda wote ukijumlisha ni kama nusu. Kwa hiyo dada usikubali mtu akwambie mtoto analia kwa sababu wewe hujui kulea. Na mbeleko aliyoisema BiMkubwa naiunga mkono, maana kubeba kunafupisha kilio hata kama hakukiondoi.

Hilo la wifi yako naomba liishe. Maziwa ya mama hayaharibiki kwa tendo la ndoa wala mtoto hadhuriki, iwe arobaini imeisha au haijaisha. Ninawaona watoto wanaoambiwa wamebemendwa, ukiwapima unakuta sababu, mama alibeba mimba nyingine haraka akamwachisha ziwa mapema, au mtoto ana kifua kikuu, au anaharisha hamalizi, au chakula hakitoshi. Wakati watu wanagombana nani kalala na nani, mtoto anazidi kuisha. Na wa kwako hata hajadhoofika, uzito unapanda!

Dawa ya mizizi naomba usimpe. Nasema hivi kwa heshima zote kwa mama mkwe na BiMkubwa. Mtoto chini ya miezi sita ni ziwa tu, hata maji hapana. Sababu zipo nyingi ila kubwa ni kwamba figo na ini lake bado changa, hakuna anayejua ndani ya kijiko kile kuna dawa kiasi gani, na maji yaliyochemsha yakikaa kwenye kikombe mpaka jioni wadudu wanaingia. Tumbo lake dogo likijaa maji ya mizizi ananyonya kidogo, akinyonya kidogo maziwa yako yanapungua kweli. Asali pia watu wanalambisha watoto, msifanye hivyo mpaka afikishe mwaka, inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazolegeza misuli ya mtoto mpaka ya kupumulia.

Sasa cha kufanya. Anza na ziwa. Mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse ziwa, sehemu nyeusi ionekane zaidi juu kuliko chini, ukisikia anatoa sauti ya ta ta ta ujue anavuta hewa, mtoe umshikishe upya kwa kuingiza kidole pembeni ya mdomo. Mwache amalize ziwa moja ndo umpe la pili, ukimhamisha haraka haraka anapata mengi yale maji maji ya mwanzo yenye sukari nyingi anakuwa na gesi na choo cha kijani chenye povu. Mbeulishe katikati na mwisho. Jioni punguza watu, punguza taa, zima TV, mvue nguo nyingi maana huku kwetu joto nalo linaliza, mwogeshe maji ya vuguvugu. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, kiganja chako kikiwa katikati ya mapaja yake, utembee nae. Mwimbie, au mfanyie shhhh karibu na sikio. Kimoja kikigoma jaribu kingine, lakini usibadilishe kila dakika moja, mpe muda. Akishalala mlaze chali kwenye neti yake, kifudifudi ni mikononi mwako tu wakati yupo macho na unamwona.

Na ukifika mahali unaona mikono inatetemeka kwa hasira au machozi, mlaze chali kitandani, funga neti, toka nje hata dakika kumi upate hewa. Kulia peke yake dakika kumi hakumuui mtoto. Kumtikisa kunaua. Shingo yake haina nguvu, ubongo unagonga ndani ya fuvu unavuja damu. Hili nawaambia akina mama wote, akina baba, na mabinti wa kazi.

Kula kila kitu. Mbaazi, kunde, ming'oko, samaki, matembele, maembe, kula dada. Gesi ya kunde inabaki kwenye utumbo wako, haiingii kwenye maziwa. Kinachoweza kupita ni protini ya maziwa ya ng'ombe, kwa watoto wachache sana, na hao unawajua kwa dalili zingine, choo chenye damu au makamasi, ukurutu mwilini, kutapika sana, na hata hapo tunakwambia uache maziwa ya ng'ombe wiki mbili tuone, sio uache chakula chote. Kahawa chungu na chai kali punguza.

Kuhusu kutopata choo siku moja mbili, kwa mtoto anayenyonya tu na choo kikitoka ni laini, hiyo si kufunga choo. Wakifika wiki ya sita kwenda mbele wengine wanakaa hata wiki nzima. Kufunga choo ni kikitoka kigumu kama cha mbuzi. Usimwingize sabuni wala mche wa muhogo nyuma kumchokonoa, nimeona mpaka vidonda. Hesabu nepi zilizolowa mkojo, zikiwa sita au zaidi kwa siku maziwa yanamtosha.

Sasa hospitali, hapa soma mara mbili. Ukimshika ana moto au kipimo kikisoma 38 kwenda juu, au kinyume chake kawa wa baridi, kwa umri huo ni kuondoka muda huo huo, usinunue dawa ya malaria wala panado dukani. Amegoma kunyonya kabisa. Amelegea, ukimwamsha haamki vizuri. Degedege. Anapumua haraka au kifua kinaingia ndani. Anatapika kitu cha kijani, hiyo ni dharura hata kama ni saa nane usiku, utumbo unaweza kuwa umejifunga. Anatapika kwa nguvu maziwa yanaruka mbali kila akinyonya kisha anataka tena, hasa mtoto wa kiume wa wiki tatu mpaka sita, kuna njia ya kutokea tumboni inakaza na inafanyiwa operesheni. Damu kwenye choo. Utosi umevimba au umebonyea. Tumbo limejaa na choo wala ushuzi hautoki. Uzito umesimama. Na kilio ambacho sio chake, kikali cha kuchoma, hakijali jioni wala asubuhi, ukimbeba ndo anazidi.

Kabla hujasema koliki, mvue nguo zote umkague. Angalia kinena na korodani kama kuna uvimbe mgumu, inaweza kuwa ngiri iliyobanwa. Angalia kila kidole cha mguu na mkono na hata uume, kuna wakati unywele wa mama au uzi wa soksi unajizungusha unakaba damu, kidole kinavimba kinakuwa chekundu, na mtoto analia usiku kucha watu wanahangaika na tumbo.

BabaPacha_Masasi

Nesi umemaliza kila kitu. Mimi naongezea upande wetu wanaume. Shemeji mwonyeshe mumeo hii thread. Pacha zangu walikuwa wanalia kwa zamu, na tulichokifanya ni kugawana usiku. Mke wangu ananyonyesha anampa mtoto mimi, yeye anaingia kulala na mlango unafungwa, mimi nakaa nae nje barazani nimemlaza kifuani mpaka atulie. Mtoto akiwa kwa baba hasikii harufu ya maziwa, kuna wakati ananyamaza haraka kuliko kwa mama. Msimu huu wa korosho tunarudi tumechoka, najua, foleni za maghalani na minada, lakini mama hajapumzika tangu mtoto azaliwe. Saa mbili za usingizi kwa mama mzazi ni dawa. Na mama akiwa analia lia kila siku, hali, halali hata mtoto akiwa amelala, anasema maneno ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo usiseme ana hasira za uzazi, mpeleke kwa daktari, yanatibika.

BiMkubwa_Mikindani

Nesi mwanangu nimekusoma mpaka mwisho. Lakini niulize, hata maji ya kunywa tu? Hili joto la kwetu sisi wakubwa tunakunywa madumu, mtoto hapewi hata tone?

NesiWaKusini

Hata tone mama yangu, shikamoo. Maziwa ya mama karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji, na yale ya mwanzo ndo mepesi kabisa ya kukata kiu. Joto likizidi mtoto ataomba ziwa mara nyingi zaidi, apewe. Mwenye kunywa maji ni mama, tena anywe mengi.

Na nilisahau moja. Watoto wakilia sana au wakiharisha kuna watu watakwambia ana meno ya plastiki yang'olewe, au akatwe kimeo. Hakuna ugonjwa unaoitwa meno ya plastiki, yale meupe kwenye fizi ni mbegu za meno yake halisi. Wakichokonoa na spoku ya baiskeli au kucha anapata tetenasi, damu inachuruzika, wengine wanakufa kwa damu kuingia vijidudu. Tafadhali asiguswe.

DukaLaDawa_Newala

Mi nauza dawa, nizungumzie hayo maji ya graipu maana ndo yanaulizwa kila siku. Yalitengenezwa Uingereza 1851 na mfamasia anaitwa William Woodward, na kwa miaka mingi yalikuwa na pombe ndani, pamoja na sukari, soda na mafuta ya mbegu za bizari fulani. Ndo maana watoto walikuwa wanatulia haraka. Pombe ilishaondolewa kwenye yale ya viwanda vinavyoeleweka, kilichobaki ni maji matamu yenye harufu. Mtoto akilambishwa tamu ananyamaza dakika chache, mama anaona imefanya kazi. Hakuna ushahidi kwamba yanatibu koliki, na ni kumpa kitu kingine juu ya ziwa.

Matone ya simethikoni yanayovunja mapovu ya gesi hayana madhara makubwa ila yamelinganishwa na matone matupu yasiyo na dawa ndani na hayakuonyesha tofauti. Kuna matone yenye bakteria wazuri, Lactobacillus reuteri, hayo ndo yameonyesha kupunguza kulia kwa watoto wanaonyonya ziwa, lakini ni ghali na huku kwetu kuyapata ni shida, na kama hela ni ya kubana bora ununue samaki ule wewe. Kitu cha kuogopa ni matone ya tumbo yaliyoandikwa dicyclomine kwenye boksi. Chini ya miezi sita hayaruhusiwi, yanaweza kusimamisha pumzi. Mteja akija na mtoto mdogo akayataja mimi namrudisha zahanati, hata akinuna.

Akija kuharisha kweli baadae, choo cha maji maji mara nyingi kuliko kawaida yake, ziwa liendelee, aende kituoni apewe ORS na zinki, chini ya miezi sita zinki ni nusu kidonge kwa siku. Dawa za kukaushia kuharisha za wakubwa asipewe.

MamaWawili_Nachingwea

Naomba niseme kitu maana naona watu watasoma hii thread hata wenye watoto wakubwa kidogo wakajua kila kilio ni koliki. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi saba, koliki ilishapita zamani. Siku moja akaanza kulia ghafla, anajikunja miguu tumboni, analia kama dakika mbili tatu, ananyamaza, anakuwa mweupe kalegea, baada ya robo saa anaanza tena. Bibi mmoja akasema meno, mwingine akasema chango limerudi. Dada yangu alikuwa anaangalia ile kuja na kuondoka, akasema hapana, hii ina mpangilio, na mtoto ameshatapika. Akapanda bodaboda usiku ule ule kwenda hospitali. Kufika kule nepi ikawa na choo chekundu kama jamu ya makamasi. Daktari akasema utumbo umeingia ndani ya utumbo mwenzake, kama mkono wa shati unavyojikunja ndani. Wakampa rufaa, akafanyiwa operesheni, na sasa hivi ni mtoto anakimbiza kuku huko. Daktari alisema wangekaa siku moja zaidi utumbo ungeoza. Huo ugonjwa unawapata zaidi watoto wa kati ya miezi mitano na tisa. Mwenye mtoto wa umri huo akiona kilio cha kuja na kuondoka asikae kubishana na mtu, aondoke.

MamaMpya_Chikongola

Mungu awabariki nyote, nimesoma nikiwa nanyonyesha machozi yananitoka. Nimemvua nguo nimemkagua vidole vyote na kinena, hana kitu. Nepi zinalowa hata nane. Nimemsomea mume wangu yale ya BabaPacha, amesema leo usiku anakaa nae yeye.

Kilichobaki ni mama mkwe. Ni mtu mzuri sana kwangu, ananipikia, ananikanda maji ya moto, sitaki aone namdharau. Mizizi iko jikoni kwenye sufuria. Nimwambieje?

BiMkubwa_Mikindani

Mwanangu hapo naweza kukusaidia maana na mimi ni mkwe wa watu. Usimwambie mbele ya wifi zako wala mbele ya majirani. Kaa nae jikoni mkiwa wawili, mwambie mama, kliniki wametukataza kumpa chochote mpaka miezi sita, na mimi naogopa kuulizwa, naomba unisaidie. Sema ni kliniki, usiseme ni wewe. Halafu mpe kazi. Sisi wazee tukija kulea tunataka tuwe na kazi kwa mjukuu, ukituondolea dawa bila kutupa kitu kingine tunaona tumekuja bure. Mwambie magharibi ni yako mama, wewe ndo unajua kumbeba na kumchua mafuta. Utaona mwenyewe. Na siku ya kliniki nenda nae, asikie kwa nesi kwa masikio yake. Mimi nilikuwa nayatetea maji ya vuguvugu humu humu asubuhi, nimeambiwa kwa heshima nimeelewa, na binti yangu akijifungua mwezi wa pili sitampa mjukuu wangu.

MamaMpya_Chikongola

Asante sana mama. Wiki ijayo ndo chanjo ya wiki sita, nitakwenda nae. Nesi, chanjo haitamzidishia kulia?

NesiWaKusini

Siku hiyo na kesho yake anaweza kulia zaidi na kupata joto kidogo, paja likauma na kuvimba pale alipochomwa. Hiyo inatarajiwa. Mnyonyeshe mara nyingi, mvalishe nguo nyepesi, usimpake dawa ya meno wala mafuta ya moto kwenye sindano, na kama ni panado waulize hapo hapo kliniki kipimo chake kwa uzito wake kabla hujatoka. Homa ikipita siku mbili, au akigoma kunyonya, au akilia mfululizo masaa matatu hata kwa kubebwa hanyamazi, mrudishe. Siku hiyo atapewa na matone ya rota ya mdomoni, yapo kwenye chanjo zetu tangu 2013, yanamkinga na kuharisha kukali, hayo usiyakose na ya wiki ya kumi uyafuate. Beba kadi, na mwambie mhudumu wa mizani aliandike uzito kwenye kadi mkiwa mnaangalia, wewe na mama mkwe.